Telesphory Bucumi na Kisima Alichokifunga Mara Mbili

Katekista, wafiwa, majirani wa Katubuka, wenzake wa kazini, na ninyi mliofika mkiulizana tu amekufa na nini, familia inawakaribisha wote, sogeeni kwenye turubai msikilize, maana historia hii ina mambo ambayo hata sisi wa nyumbani hatujayaelewa vizuri, na kati ya hayo lipo moja ambalo lazima liwekwe sawa kabla jeneza halijatoka, nalo ni la kisima kilichoko nyuma ya nyumba hii na kufuli lililoko juu ya mfuniko wake, kwa sababu tukirudi kutoka makaburini tutanawa, na katika ukoo huu maji ya kunawa baada ya kuzika, gukaraba kama wazee wanavyosema, hayaazimwi kwa jirani, yanatoka nyumbani kwa marehemu mwenyewe, na asubuhi ya leo mjomba wa marehemu, Oswald, amekutwa pale kisimani ana tindo na nyundo.

Telesphory Bucumi alizaliwa tarehe 14 Februari 1987 katika kijiji cha Simbo, ndivyo kadi ya ubatizo inavyosema, cheti cha shule kinasema 1988, na bibi yake Veneranda, mama wa mama yake, ambaye ndiye aliyemkata kitovu kwa sababu mkunga alichelewa, anasema vyote viwili vimekosea, mtoto alikuja watu wakiwa wanavuna maharage, na Februari watu wanapanda, hawavuni, lakini tumefuata kadi, maana kadi ina mhuri na Veneranda hana.

Alikuwa mtoto wa kwanza na wa mwisho wa Marcelina na Eliakimu Bucumi, huyo Eliakimu aliletwa na wazazi wake kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa mvulana wa miaka kumi, akakulia hapa, akawa fundi wa injini za boti katika ile karakana kubwa hapo juu, ambayo sasa mnaona ukuta wake tu, na nyumba hii aliijenga kwa sababu ilikuwa karibu na kazi, jioni akirudi nguo zake zikinuka utamu fulani kama wa matunda yaliyoiva kupita kiasi, ni ile dawa ya kutolea grisi, waliosha vyuma nayo kwenye pipa, iliyochafuka wakaimwaga kwenye shimo nyuma ya ukuta, miaka na miaka, hakuna aliyewaambia kwamba ardhi haimezi kitu kikaisha.

Mwaka 1994 Eliakimu aliondoka kwenda Burundi kuwatafuta ndugu zake katika ile vurugu, hakurudi, hatujui kama yu hai wala hatujui kama amekufa, na kama yupo hapa uani leo ajitokeze, kuna watu wana maswali naye, Marcelina naye alifariki tarehe 30 Novemba 1997 kwa kipindupindu, ndipo Telesphory akabaki mikononi mwa bibi yake, ambaye alikuwa na shamba, jembe moja zima na hasira, akamlea kwa vyote vitatu.

Alisoma shule ya msingi kijijini Simbo kuanzia 1995 hadi 2001, sekondari hapo Gungu kuanzia 2002 hadi 2005, kisha chuo cha maji Dar es Salaam kuanzia 2007 hadi 2010, na hapa tuwekane wazi, tangu juzi wapo wanaosema kwenye matanga haya kwamba alisomea maji kwa uchungu wa mama yake aliyeuawa na maji machafu, ni maneno mazuri ila siyo kweli, aliomba ufundi magari, nafasi zilikuwa zimejaa, akapangiwa maji, akalalamika likizo nzima, bibi yake akamwambia nenda, maji hayajawahi kukosa shida.

Alipohitimu alifanya kazi kwenye miradi ya visima vya vijiji huko Kasulu kuanzia Mei 2011, akijulikana kwa kuwauliza watu maswali mengi na kujibu machache, na tarehe 13 Desemba 2014 alifunga ndoa kanisani Gungu na Goreth Nshimirimana, binti wa mama muuza mawese wa Ujiji, Veneranda hakuipenda ndoa hiyo mwanzoni, alisema binti ana mikono laini, mtoto wa duka, baadaye akaona namna alivyomshikilia mume wake alipokuwa akichekwa na mtaa mzima, akanyamaza, na kwa Veneranda kunyamaza ni cheti.

Ndoa hiyo ilijaliwa watoto wawili, Ella aliyezaliwa tarehe 8 Agosti 2015 na Bariki aliyezaliwa tarehe 21 Mei 2019, na mwaka 2017 familia ilihamia rasmi katika nyumba hii ya Eliakimu, Telesphory akaezua bati lote la zamani akaweka jipya pamoja na magata ya kukingia maji ya mvua pande zote, kisima cha baba yake akakisafisha na kukijengea mdomo wa saruji, na bibi yake akaletwa kutoka Simbo kuja kukaa nao, akidai ni kwa wiki mbili.

Sasa tunafika kwenye karakana, na hapa ndipo sisi wenyewe kichwa hutuzunguka, kwa hiyo tutasema tu tulichokiona, karakana ilifungwa mwaka 2004, wenyewe wakaenda zao, na mwaka 2020 walikuja watu wakachimba chimba, wakasema ile dawa ya grisi haikwenda popote, ilizama chini kwa sababu ni nzito kuliko maji, na maji ya ardhini yanapita juu yake yakiionja kidogo kidogo huku yakiteremka kuelekea ziwani, yaani yanapita chini ya vitanda vyetu, mradi wa kusafisha ukaanza, na tarehe 1 Machi 2021 Telesphory akaajiriwa kuwa mpimaji wa maji hayo, akawa anazungukia mabomba ya kupimia, yale marefu yenye vifuniko vya chuma ambayo watoto wenu huyakalia, na mwezi wa Aprili visima vyote vya mtaa huu vikafungwa, cha kwanza kufungwa kikiwa cha kwake, Veneranda akamuuliza kama alisomeshwa ili aje kuwanyima watu maji ya kwao, akajibu ndiyo bibi, kwa muda.

Agosti 2022 walianza kuingiza dawa ardhini ya kuiua ile dawa ya kwanza, ni chembechembe za zambarau, jamii ya zile ambazo zamani wauguzi walikuwa wakiyeyusha kwenye beseni kuoshea vidonda, na Januari 2023 kisima hiki kikawa cha zambarau kabisa, zambarau ya kanzu ya askofu wakati wa Kwaresma, watu walitoka hadi Gungu na bodaboda kuja kuchungulia, mwingine akachota kwa siri akampaka mtoto mwenye upele, na jirani yetu Habonimana, ambaye yupo pale mbele na anajijua, alisimama uani akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Telesphory, mdogo wangu, sisi tulikuwa na maji yenye sumu isiyoonekana, wewe umetuletea inayoonekana, hiyo ndiyo elimu?" na Telesphory akacheka, akasema rangi hiyo ndiyo mlinzi, ikiwepo ujue sumu inaliwa, ikiisha tutapima.

Rangi ikapungua mwezi hadi mwezi hadi macho yakasema imeisha, akapima mara ya kwanza, chupa zikaenda maabara Dar es Salaam kwa basi, majibu yakaja hakuna sumu, akapima ya pili, hakuna, ya tatu, hakuna, na Jumamosi tarehe 17 Februari 2024 ukaitwa mkutano wa mtaa, yeye mwenyewe akasimama juu ya kiti akasema fungueni, kufuli likatolewa mbele ya watu, bibi yake ndiye aliyekunywa kikombe cha kwanza, akasema maji yana ladha ya maji, na watu wakapiga makofi.

Katika miezi hiyo ya furaha kuna jambo dogo lilitokea ambalo wote tuliliona na hakuna aliyeliona, Ella alikuwa anajiandaa kwa komunyo ya kwanza, gauni lake jeupe likafuliwa kwa maji ya kisima, likatoka limepata rangi ya chai hafifu, likafuliwa tena, likazidi, Veneranda akamsema Goreth mchana kutwa kwamba mikono ya dukani haijui kufua, Goreth akalaumu sabuni, mke wa Habonimana akasema na mashuka yake yamekuwa hivyo hivyo, wakakubaliana kwamba sabuni za siku hizi hazina maana, na mtoto akakomunika kwa gauni la kuazima.

Jumapili tarehe 2 Juni 2024, baada ya misa, Goreth alinunua samaki, migebuka, kule Kibirizi akataka kuihifadhi katika kile kisanduku cha barafu cha mume wake, ndani akakuta chupa za akiba za maji aliyoyachota jana yake kwa kupima tena, chupa wenza zikiwa tayari ziko kwenye basi kwenda maabara, na chupa hizo ni ndogo, za kahawia, zimetengenezwa hivyo makusudi ili jua lisiharibu kilichomo, akaimimina moja kwenye bakuli jeupe ili apate nafasi, na maji yakawa ya waridi, waridi hafifu, kama ya kitenge kipya kinachochuja mara ya kwanza, akamwita, "Baba Ella, hebu njoo uone maji yako yanavyochuja," Telesphory akaja akiwa na kijiko cha wali mkononi, akaangalia, akamimina ya pili kwenye sahani nyeupe, ya tatu kwenye kikombe, zote waridi, akakaa chini pale pale kwenye mlango wa jiko, na wali wake ukapoa.

Jioni alimweleza bibi yake, na bibi yake hakuelewa, akamweleza tena, hadi Veneranda akapata namna yake ya kuliweka, nayo ndiyo tunayoisema hapa kwa sababu hatuna nyingine, ni kama umemfungia paka na panya katika gunia moja, ukalipeleka gunia Dar es Salaam kwa basi, safarini paka akamla panya, wakafungua wakakuta paka peke yake, wakaandika kwa haki kabisa kwamba nyumbani kwa Veneranda hakuna panya, kumbe panya wamejaa darini, yaani ile zambarau iliyobaki kidogo, ile ile iliyolitia gauni la Ella rangi ya chai, iliendelea kuila sumu ndani ya chupa njia nzima, chupa ikafika safi na kisima kikabaki kilivyo, na upo unga mchachu, jamii ya uchachu wa ndimu, unaotiwa kwenye chupa pale pale bombani ili kumuua paka kabla gunia halijafungwa, Telesphory alikuwa nao kwenye sanduku, alikuwa akiutia tu pale alipoona rangi, ila chupa ilikuwa ya kahawia, mpira wa pampu ni mweusi, ndoo ni ya bluu, mikono yetu ni ya rangi yake, basi angeiona wapi.

Jumatano iliyofuata alisimama tena mbele ya mtaa ule ule, kwenye kiti kile kile, akasema alichosema Februari hakikuwa kweli, visima vifungwe, hakumtaja mhandisi wa mradi wala basi wala maabara, alijitaja mwenyewe, na mlivyompokea mnakumbuka, wapo waliosema amehongwa, wapo waliosema kichwa kimechanganyikiwa na harufu ya dawa, na bibi yake, tusimfiche, ndiye aliyemchoma zaidi, alisema mbele ya watu, "Wewe mtoto, mwaka ule sumu, juzi safi, leo sumu, unapima maji au unatupima sisi?" na Telesphory akajibu, "Nilipima chupa, bibi, sikupima kisima," akatoka mkutanoni akaja moja kwa moja hapa, akaweka kufuli, lile mnaloliona, ufunguo akampa Goreth, akamwambia asimpe mtu, hata yeye akiuomba asipewe mpaka majibu yarudi ya chupa zenye unga.

Chupa zenye unga zilirudi Agosti 2024 zikisema sumu ipo, nyingi kuliko mwaka 2021, na hilo nalo lilituchanganya, unasafisha kitu kinazidi kuchafuka, alisema ardhi iliyochokozwa huachia ilichokuwa imeshika, tukaitikia tu, dawa ikaingizwa mara ya pili Februari 2025, na safari hii kila chupa aliitia unga, iwe na rangi isiwe na rangi, akabeba kila siku begani bakuli jeupe la mke wake, wenzake wakamtania kwamba mpimaji anatembea na vyombo kama mtu anayekwenda kuomba supu, akawaambia supu ikiwa ya waridi nitawagawia.

Machi 2025 miguu ilianza kuvimba, akasema ni viatu, Julai uso ukavimba, hakukuwa na kiatu cha kusingizia, tarehe 9 Septemba akalazwa hospitali hapa Kigoma, madaktari wakasema ni figo, na kwamba presha ilikuwa imezitafuna muda mrefu bila yeye kujua, akapelekwa Mwanza, akarudishwa tarehe 25 Oktoba, na tuliwauliza madaktari hao kama ni ile sumu ya baba yake, au ni dawa ya zambarau, au ni presha tu kama ya watu wengine, wakasema kwa mtu mmoja hawawezi kujua, wengine hapa mnajua, mmeshasema ni kulogwa na waliotaka visima vifunguliwe, basi tuwaambie tunachokijua sisi, Veneranda alikunywa maji ya kisima kile tangu Februari hadi Juni, kila siku, na ana miaka themanini na kitu, na ndiye huyo amekaa pale anawaangalia, aliyekataza watu wasinywe ndiye aliyemo kwenye sanduku, mwenye kuweza kutueleza hilo aje nyumbani baada ya matanga, tutampikia.

Jumatatu tarehe 3 Novemba 2025, akiwa haruhusiwi kutoka kitandani, alipanda bodaboda akaenda kuchukua sampuli za mwisho za mabomba yote na za kisima hiki, Goreth alimshikilia begi la chupa, unga ukatiwa, bakuli likaangaliwa, na maji hayakuwa na rangi, chupa zikaondoka kesho yake, akarudi akalala, hakuamka tena kwa kazi, akafariki Jumatano tarehe 19 Novemba 2025, saa kumi alasiri, nyumbani hapa, akiwa ameuliza mara mbili siku hiyo kama basi limefika.

Majibu hayajarudi.

Sasa kuhusu tindo, mjomba Oswald hakuwa na nia mbaya, alisema asubuhi kwamba tukimzika mtoto huyu tukanawia maji ya bombani kwa watu, tutakuwa tumeutangazia ukoo kwamba nyumba yake ilikuwa na laana, akamwambia Veneranda, "Mama, hayana rangi, mwenyewe aliona, na kunawa siyo kunywa," Veneranda akamuuliza, "Na wakishanawa, ugali watakula kwa mikono ya nani?" Oswald akasema hata majibu yangekuja leo yangekuwa safi, kila mtu anajua, Veneranda akasema hata Februari ile kila mtu alijua, wakabaki wamesimama hapo na nyundo yao, Goreth akatoka ndani, akamwekea Veneranda ufunguo kiganjani, ingawa marehemu alimkataza asimpe mtu, maana marehemu ndiye huyo hayupo, na yeye alikuwa amechoka kuushika.

Veneranda alikaa na ufunguo huo muda wa kuchemka chai, alitaka mjukuu wake anawiwe kwa maji yake, na hakujua kama maji hayo ni mazuri au mabaya, na mtu pekee ambaye angemuuliza alikuwa amelala sebuleni na kitambaa usoni, na alikuwa amekwisha kumpa jibu zamani, kwamba hajui mpaka chupa zirudi, ndipo akasikia maji yakidondoka nyuma yake, maana mvua ilinyesha alfajiri na gata lilikuwa bado linamwaga kwenye pipa, bati la Telesphory, gata la Telesphory, pipa alilolinunua mwenyewe, akainuka akamwambia Oswald, "Weka hiyo nyundo, shika upande huo," Oswald akasema paa siyo kisima, akaambiwa, "Wewe ni mjomba wa mtoto, siyo mjomba wa kisima, shika," na wakalibeba pamoja hadi langoni.

Kwa hiyo mtakaporudi kutoka makaburini mtalikuta pipa hilo langoni, na pembeni yake bakuli jeupe, mtachotewa humo, ni maji yaliyotoka juu ya nyumba yake, hayajagusa ardhi, tumeyaangalia kwenye bakuli na hayana rangi, ila yeye angekuwepo angechukua chupa apime na hayo, na asingetuambia kitu hadi basi lirudi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kigoma na Mwanza, hasa yule aliyetuambia kwamba hajui badala ya kutudanganya, inawashukuru wenzake wa mradi waliokuja na gari na kuni na ambao tumeambiwa wataendelea kupima, wasisahau unga, inawashukuru majirani waliotuletea maji ya chai na ya kupikia kutoka kwenye bomba la kanisa kwa siku zote tatu bila kukumbushwa, akiwemo Habonimana, aliyebeba madumu mengi kuliko wote na kunung'unika kuliko wote, inamshukuru Goreth, na wote ambao hawakutajwa wajue wameonekana.

Majibu yakija yatasomwa kwenye mkutano wa mtaa kama yeye alivyokuwa akifanya, mazuri au mabaya, na hata yakiwa mazuri zitapelekwa chupa nyingine kabla ufunguo haujaingia, ufunguo anao Veneranda, umefungwa kwenye pindo la kanga aliyoivaa, anayeutaka akamwombe yeye.

Telesphory, mwana wa Marcelina, pumzika kwa amani, kufuli halijaguswa.